Wajina wa Yankuba

Jina lilikuwa limeshachaguliwa. Sarjo Ture alikwisha kumnong'oneza imamu kwamba mgeni wake ataitwa Arfang, jina la marehemu baba yake. Kokwa za kola zilikuwa tayari kwenye ungo, na vidonge vya unga wa mchele na asali vimepangwa kando. Ndipo mkewe, Nyima, alipoinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akakaza kitenge kiunoni, akasema ua mzima ukimsikia:

"Mgeni ataitwa Yankuba."

Mgeni mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya mikeka, kijana mrefu wa Kihispania aliyevaa kanzu ya kuazima iliyomkomea magotini. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliona nyuso zimebadilika, akaanza kugeuza shingo huku na huku kama kuku aliyesikia mwewe. Gari la shirika lilimleta asubuhi ile na begi lake. Alikuja kujitolea kutengeneza pampu za maji kwenye bustani za akina mama. Shirika lilikuwa na desturi moja tu liliyoisisitiza: mgeni akae kwanza na familia, ajifunze lugha, na familia impe jina.

"Nyima, kaa chini," Sarjo alisema bila kupaza sauti.

"Sikai mpaka jina lisomwe."

Kumba, dada yake Sarjo, akajiingiza. Kumba hakuwa mtu wa kupitwa na neno. "Wifi yangu, una akili wewe? Mwenye jina yuko safarini, tena safari yenyewe ya njia ya panya, juu ya maji. Jina la mtu aliye juu ya maji halichezewi."

"Silichezei, nalitilia ulinzi," Nyima alijibu. "Mwanangu yuko baharini, hajui atafikia kwa nani. Mtoto huyu wa watu amefikia kwangu. Nitakavyomtendea huyu ndivyo Mungu atakavyomwamuru mtu kule amtendee wangu. Nataka waitwe jina moja, Mungu asikosee mtu."

Imamu alimtazama Sarjo. Sarjo alitazama chini. Tangu mwanawe aondoke kwenda pwani kutafuta mtumbwi wa kwenda Ulaya, hakuwa amelitaja jina lile. Neno la mwisho walilopeana lilikuwa la hasira: "Ukienda, usinipigie." Na kweli Yankuba hakumpigia. Alimpigia mama yake, mara moja tu, akamwambia, "Mama, tunapanda," upepo ukala maneno mengine.

"Msomee," Sarjo alisema hatimaye. "Mwanamke akishasimama hivyo, utafanyaje?"

Imamu akamwinamia mgeni, akamnong'oneza jina sikioni kama anavyonong'onezwa mtoto mchanga. Wanawake wakapiga vigelegele. Jalika, mke wa Yankuba, mwali wa mwaka mmoja na miezi kadhaa katika nyumba ile, alikuwa kajikunyata nyuma ya wenzake. Sasa akachomoka, akaja kusimama mbele ya mzungu, mikono kiunoni.

"Haya jamani, mume wangu karudi!" akasema. "Lakini mbona huko alikokwenda wamemchubua?"

Ua ukaangua kicheko. Hata Sarjo aliuficha mdomo kwa mkono. Mgeni naye akacheka kwa kuwa watu wanacheka, na masikio yake yakawa mekundu kama pilipili.

*

Jina lake la kwao lilikuwa Eneko, nalo halikuwa gumu, lakini hakuna aliyelihitaji. Watoto waliokuwa wakimkimbilia na kupiga kelele "Tubabu! Tubabu!", yaani mzungu, walifundishwa siku ileile kusema Yankuba, na ua ukajaa jina hilo kutoka alfajiri hadi wakati wa kulala. Yankuba, maji yako ya kuoga. Yankuba, mkono wa kulia, wa kulia, huo mwingine una kazi yake. Yankuba, usipite mbele ya mtu anayesali. Kila lilipoitwa, Nyima alisikia kifua chake kikilegea kidogo, kama mtu aliyepokewa mtungi kichwani.

Mgeni alitaabika. Tumbo lilimsokota kwa mchuzi wa karanga, akawa anakwenda msalani mbio huku watoto wakimsindikiza. Alisalimia vibaya. Kwao inaonekana salamu ni neno moja. Hapa alitakiwa aulizwe habari za nyumba, za baba, za mama, za usingizi, za kazi, na kila jibu liwe kwamba wako salama, kisha aulize yeye. Mzee jirani alilalamika: "Yule kijana wenu amenisalimu kama anayemrushia kuku punje." Usiku alifunga mlango kwa komeo, na asubuhi Sarjo akauliza mgeni anamshuku nani humu ndani kwa wizi.

Siku moja alasiri alitoka na kitabu, akaenda kukaa nyuma ya ghala la mpunga. Nyima akamtuma Jalika akakae naye. Jalika alisoma shule hadi darasa la tisa, na Kiingereza chake ndicho kilichokuwa daraja la nyumba nzima. Baada ya muda mfupi akarudi.

"Mama, anasema anataka kukaa peke yake."

"Peke yake? Kwani kamkosea nani?"

"Hajamkosea mtu. Anasema anapumzika."

"Amechoshwa na nini, na sisi?" Nyima aliliacha sufuria la vitunguu, akaenda mwenyewe, akakaa kitako kando ya mgeni bila neno. Akamkuta macho yamevimba. Kitabu kilikuwa wazi mapajani, lakini hakuwa akikisoma. Nyima hakumuuliza kitu. Alikwisha kumsikia asubuhi kwenye uzio wa kuogea, akilia huku akijimwagia maji mengi, akidhani sauti ya maji itamficha. Akavunja kola, akampa kipande. Kijana akatafuna, uso ukamkunjamana kwa uchungu wake, lakini akakimeza.

"Mama," akasema kwa lugha ya pale, neno mojamoja. "Mimi hapana mgonjwa. Mimi... nyumbani mbali."

"Najua, baba. Najua mbali kulivyo."

Jioni ile, chai ya kijani ilipokuwa ikichemka kwenye jiko dogo la makaa, Sarjo alimwambia Jalika amuulize mgeni mshahara wake ni kiasi gani. Lilikuwa swali la heshima tu, mtu mzima kumjua kijana.

"Hana mshahara, Baba. Anasema amekuja kujitolea."

"Kujitolea nini?"

"Kujitolea tu. Bure."

Sarjo aliiweka bilauri chini. "Kwao kuna kazi?"

Jalika akauliza, akajibiwa. "Alikuwa na kazi. Kaiacha."

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Anasema alilia."

Mawazo ya watu watatu wale yalikuwa mahali pamoja, kwenye kijana mwingine aliyeondoka bila kusindikizwa. Kisha Nyima akasogea. Swali lake alikuwa nalo tangu siku ya jina, na alikuwa akiliogopa.

"Jalika, muulize hivi. Mtu akifika kwao kwa maji, hamjui mtu, nguo zimelowa, ni nani anayempokea?"

Mgeni alimtazama Jalika, akamtazama Nyima, na ilionekana amekwisha kuelewa anaulizwa habari za nani.

"Anasema kuna watu bandarini wanaojitolea, kama yeye. Wanawapa blanketi na chai."

"Chakula?"

"Na chakula."

"Wanamuuliza jina lake?"

Mgeni akasema maneno marefu. Jalika aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa kifupi: "Ndiyo, Mama. Wanamuuliza."

Alichokisema mgeni ni kwamba kwanza wanawavisha namba mkononi, kwa kuwa wanakuja wengi, na kwamba wengine wanazuiliwa na wengine wanarudishwa. Jalika hayo aliyaacha hapo hapo kwenye chai. Nyima alikwenda kulala na blanketi moyoni. Aliliona hata rangi yake.

*

Bakari Sane, kijana wa kijiji cha jirani aliyeondoka pamoja na Yankuba, alipiga simu mchana wa jua kali, saa ya kupakua chakula. Simu ilikuwa ya Sarjo. Aliisikiliza kwanza kwa sikio lake, akasema "Nani? Bakari? Uko wapi?" kisha akainuka, kofia ikamwanguka, hakuiokota. Nyima aliacha alichokuwa anakifanya, akaja. Sarjo akabonyeza ili sauti itoke nje, kwa maana hakutaka kuwa yeye wa kuyarudia maneno yale.

Bakari alikuwa hospitali, nchi nyingine, hakujua kuitamka vizuri. Injini ilizimika, alisema. Walikaa juu ya maji, wakaona meli kwa mbali, hazikuwaona. Maji ya kunywa yalikwisha.

"Yankuba yuko wapi?" Nyima aliuliza.

"Mama, alikuwa ameniegemea. Nilidhani amelala."

"Yuko wapi?"

"Tuliwasomea dua wote, Mama. Kila aliyekwenda tulimsomea kabla ya... Hatukuwa na namna. Jua lilikuwa kali, hatukuwa na namna."

Sarjo aliivuta simu karibu na mdomo. "Alinitaja?"

Upande wa pili kukasikika watu wakipita na kitu cha chuma kikisukumwa sakafuni.

"Aliwataja wote, Baba," Bakari akasema.

Sarjo alikuwa mtu mzima. Alijua jibu kama lile hutolewa lini.

Jikoni hakuna aliyekuwa amesikia. Jalika alikuwa amepakua wali kwenye sinia, akaufunika, na sasa alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akaita kwa sauti ya utani aliyokuwa akiitumia siku zote zile:

"Yankuba! Mume wangu! Njoo ule, chakula kinapoa!"

Na kutoka nyuma ya ghala, sauti ya kiume ikaitika kama ilivyofundishwa:

"Naam!"

Nyima hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akamwona mgeni akitokea upande wa ghala, akitabasamu, mikono amekwisha kuinawa na inachuruzika maji. Akamwona Jalika akiwatazama wakwe zake, mwiko ukiteremka polepole. Kilio cha kwanza kilichosikika katika ua ule kilikuwa cha Jalika. Mgeni alisimama katikati, mikono yake mibichi imening'inia, hajui amkimbilie nani.

*

Hakukuwa na maiti wala kaburi. Imamu aliswalisha sala ya asiyekuwepo, watu wakajaa uani, wakakaa kwenye mikeka ileile ya siku ya jina. Jalika aliingizwa eda, akavishwa nguo za mjane, akakaa ndani nyuma ya pazia. Daraja la nyumba likawa limevunjika. Mgeni hakuwa tena na mtu wa kumwambia nini kinaendelea, ingawa kifo hakihitaji mkalimani sana.

Siku ya kwanza alitoka na kaptura, mzee mmoja akamrudisha ndani kwa ishara ya fimbo. Akavaa ile kanzu fupi, akaenda kukaa na wanaume. Mtoto mmoja akakimbia kutoka lango la ua akiita, "Yankuba! Yankuba, mpira!" Wanaume wote wakageuka. Baba wa yule mtoto alimnasa kofi, na mtoto akalia kilio kikubwa cha mtu asiyejua kosa lake. Sarjo akainuka.

"Kuanzia sasa," alisema, "jina hilo lisitajwe ndani ya ua wangu."

Kwa hiyo mgeni akakosa jina. Arfang halikusomwa, Eneko hawakulizoea. Wakawa wanamwita "wewe", wanamwita "mgeni", au wanamgusa bega. Chakula alipelekewa kwenye bakuli lake peke yake, chumbani, ile peke yake aliyokuwa akiitaka. Alipochukua ndoo kwenda kisimani ili asaidie, wanawake walimpokonya kwa upole. Alipofagia, walimpokonya ufagio. Nyima hakumpokonya kitu. Hakuweza kumtazama. Mgongo wa kijana yule, akiwa kwa mbali, ulikuwa kama wa kijana yeyote mrefu, na macho yana ujinga wao. Yalikuwa yakimwona aliyetamani kumwona.

Fedheha ya mchele ndiyo iliyomvunja Nyima. Siku ya tatu, siku ya hitima, watu walikuwa wengi kuliko akiba. Mavuno yao yalikwisha kuliwa na waombolezaji. Uliobaki ni gunia la shirika, mchele wa mgeni wa miezi miwili, lililokuwa kwenye pembe ya chumba chake. Nyima alizunguka jikoni mara nyingi, kisha akaenda akasimama mlangoni pa mgeni. Akalionyesha gunia kwa kidole. Akaonyesha ua. Hakuwa na maneno, na hata angekuwa nayo asingeyasema.

Kijana hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaruka kana kwamba ni yeye aliyekosa kwa kukaa na mchele ule. Akalibeba begani, akatoka nalo hadharani, akapita nalo katikati ya mikeka ya waombolezaji, mwanamume, tena mgeni, akalipeleka jikoni na kulitua miguuni pa Kumba.

Kumba alilitazama gunia. Alisubiri mpaka wanawake wakatulia.

"Haya, tumeona sasa," akasema. "Nilisema mimi. Nilisema jina la mtu aliye juu ya maji halichezewi, nikaonekana mchawi. Kumbe wenzetu walikuwa na biashara yao. Jina la mtoto wa kumzaa, wifi! Kwa gunia la mchele!"

"Kumba, muogope Mungu," mwanamke mmoja alisema.

"Namuogopa sana. Ndiyo maana mchele huu siuli mimi." Akavuta khanga yake, akatoka.

Wengine walibaki, wakaupika, wakaula, wala hakuna aliyemtazama Nyima machoni. Yeye aliendelea kupakua. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki. Alipokuwa peke yake alijiuliza: Mungu alipoangalia chini akaona Yankuba mmoja ameshiba, kivulini, na mama anampa kola, je, hakusema basi huyu ameshafika, nimwache yule mwingine?

*

Sarjo ndiye aliyelipigia shirika. Hakusema mgeni ni mbaya. Alisema tu kwamba nyumba ina msiba, haiwezi kumtunza mtoto wa watu. Wakamjibu kwamba kuna familia nyingine ng'ambo ya mto, kijijini Jasobo, na gari litakuja kumchukua.

Asubuhi ya gari Nyima alikwenda kufagia mbele ya chumba cha mgeni. Akamkuta ameketi kitandani, begi limefungwa, godoro limekunjwa, sakafu imefagiliwa vizuri kuliko ambavyo angeifagia yeye. Chumba cha Jalika kilikuwa ukuta kwa ukuta, dirisha lake dogo likifungukia upenuni. Kijana aliinuka, akatoka nje, akasema kwa lugha ya pale maneno aliyoonekana ameyafanyia mazoezi:

"Mama. Jina si langu. Mimi narudisha."

Nyima aliuegemea ufagio.

"Jalika," aliita kwenye dirisha. "Eda haikatazi neno la lazima. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama," sauti ya Jalika ikatoka gizani, nyembamba.

"Mwambie jina si kibuyu kwamba ukishanywea unamrudishia mwenyewe."

Jalika akatafsiri. Kijana alijibu kwa haraka, sauti ikimkatika.

"Anasema watu wanasema ameleta balaa. Anasema hakujua. Anasema kama angejua kwamba jina ni la mtu aliye majini asingelikubali. Na anasema..." Jalika akanyamaza.

"Sema."

"Anasema siku ile, Baba alipokuwa na simu, nilipoita... anasema yeye alikuwa na njaa, ndiyo maana aliitika kwa furaha. Anaomba umsamehe kwa kuitika."

Nyima alikaa kwenye kizingiti. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile alimtazama kijana usoni, akamwona jinsi alivyo. Pua imebabuka kwa jua, midomo imepasuka kwa upepo mkavu wa jangwani, shingo imekonda. Hakufanana na mtu yeyote wa kwake.

"Mwambie hivi," akasema. "Hila ilikuwa yangu. Nilitaka kumhonga Mungu. Nilimlisha yeye ili mwanangu alishwe. Nilimpa maji yeye ili wangu apewe. Kumbe mambo hayaendi hivyo. Mungu hana deni na mimi, na yeye hana kosa. Alikula alichopewa na akaitika alipoitwa. Mtu aitwaye akaitika ana kosa gani?"

Jalika alitafsiri, akachanganya, akarudia. Mwishoni alikuwa akilia na kutafsiri kwa pamoja. Kijana alichuchumaa mbele ya Nyima kama watoto wa pale wanavyowachuchumalia mama zao, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, na mkono wa kulia ulikuwa juu.

Gari lilipofika, Bwana Bojang wa shirika alishuka na koti lake la vumbi, akatoa rambirambi kwa kirefu kama inavyostahili, akapakia begi. Majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio. Kumba naye alikuwepo, mkono kinywani.

"Msiwe na wasiwasi," Bojang alimwambia Sarjo. "Jasobo wanamsubiri. Watamfanyia shughuli, watampa jina lao."

"Vizuri," Sarjo alisema. "Wampe."

"Ana jina," Nyima akasema.

Sarjo aligeuka. Mwanamke yule alikuwa amesimama kama alivyosimama siku ile mkekani, kitenge kimekazwa.

"Anaitwa Yankuba Ture, wa Sarjo na Nyima. Waambie wenyeji wake wasimbadilishe. Waambie tumbo lake halijazoea karanga, wampe uji wa mchele kwanza. Na akikaa peke yake, wamwache kidogo, halafu mtu akakae naye."

Watu walingoja Sarjo apige marufuku. Jina lilikuwa limetajwa ndani ya ua wake, mbele yake, mchana kweupe. Sarjo aligeuka, akaingia nyumbani kwake na kuurudisha mlango.

*

Arobaini ilipita. Vitunguu vya bustani vilikomaa, vikang'olewa, pampu mbovu ikabaki mbovu, wanawake wakaendelea kuvuta maji kwa kamba. Kumba alirudi kusalimia, kwa kuwa ndugu ni ndugu, na Nyima alimpa kiti. Habari nyingine kutoka baharini haikuja, wala haikutazamiwa. Mama aliyepoteza mwana kwa homa huwa na mahali pa kwenda kung'oa majani. Nyima hakuwa na mahali.

Siku moja alipita Sira, mwanamke anayenunua vitunguu vijijini na kuvivusha mto. Akatua beseni, akapewa maji, akasalimia salamu zote mpaka zikaisha. Sarjo alikuwa kwenye kiti chake cha kamba upande wa pili wa ua, na tasbihi yake. Tangu msiba alikuwa hasemi na wapita njia.

"Nimetoka Jasobo juzi," Sira akasema, akijifuta shingo. "Nimeonana na mwanao."

Nyima aliacha kufunga vitunguu. "Mwanangu yupi?"

"Kwani una wangapi ng'ambo? Yankuba. Yule mweupe. Aliposikia natokea huku alinishika mkono hataki kuniachia. Anakusalimu, anamsalimu Baba, anamsalimu Jalika na eda yake. Tena sasa anasalimu vizuri, mpaka kaniuliza habari za punda wangu, na punda sina."

Pazia la chumba cha Jalika likatikisika, likatulia.

"Amekonda?" Nyima aliuliza.

"Kidogo."

"Analala wapi?"

"Wamempa nyumba ya mwisho, karibu na kisima. Watoto hawamwachi. Ukifika kijijini hujashuka hata kwenye mkokoteni unasikia tu Yankuba, Yankuba. Pampu yao kaitengeneza, wamemchinjia jogoo."

"Alikula?"

"Alikula sana."

Nyima akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Alilia bila sauti, mabega yakimruka, na Sira, aliyekuwa mwanamke mwenye watoto, alimwacha alie. Akavuta fungu la vitunguu, akaendelea kulifunga kwa niaba yake.

Tasbihi ikasimama upande wa pili wa ua.

"Wewe, mama," Sarjo aliita, na sauti ilitoka kavu kama ya mtu aliyeamka. "Huyo kijana. Maji ya kunywa anapata?"

Sira alimtazama Nyima, kisha akamgeukia mzee, akamjibu polepole.

"Anapata, Baba Yankuba. Maji yapo mengi. Anakunywa."